Usanifu wa hisia: dhana iliyobebwa na Luis Barragán

Usanifu wa hisia ni namna ya kujenga inayouliza kwanza mtu atajisikiaje akiwa ndani, kisha ndipo iulize chumba ni cha kazi gani. Jina hilo lilizaliwa Meksiko mwaka 1953, katika ilani ya Mathias Goeritz, msanii wa Kijerumani aliyehamia huko. Siku hizo wasanifu wengi wa kisasa walishika kauli ya Le Corbusier, msanifu mashuhuri wa Uswisi na Ufaransa, kwamba nyumba ni mashine ya kuishi.

Luis Barragán, msanifu wa Meksiko aliyeibeba dhana hii, mwenyewe aliwahi kujenga hivyo. Alizaliwa Guadalajara mwaka 1902, akasomea uhandisi, na miaka ya 1930 akahamia Mexico City, ambako alijenga nyumba za kupangisha za mtindo huo. Baadaye akauacha.

Ukitaka kuielewa dhana yenyewe, tazama nyumba aliyojijengea mtaa wa Tacubaya mwaka 1948. Kwa nje ni ukuta mkavu usiovutia. Ukiingia, unapita kwanza kwenye ujia mwembamba wenye mwanga hafifu wa manjano. Mlango wa pili unakutoa kwenye ukumbi wenye dari ya juu na ukuta wa waridi iliyokolea. Ngazi ni za jiwe la volkano, hazina pa kushika, na juu yake kimetundikwa kibao cha dhahabu cha Goeritz kinachodaka mwanga wa dirishani na kuurudisha chini. Ule ujia wa giza uliwekwa makusudi: jicho limeshatulia, ndiyo maana mwanga unaligusa hivyo.

Wengi wakimtaja Barragán hutaja rangi tu, na hapo naona wanampunja. Pasipo kuta nene na kivuli, waridi ile ingekuwa pambo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Torres de Satélite, minara mitano ya zege aliyoibuni pamoja na Goeritz mwaka 1957 katikati ya barabara kuu. Mrefu kuliko yote unazidi mita 50. Haina ofisi wala makazi. Imesimama ili anayepita na gari aione ikibadilika sura kadiri anavyosogea.

Mwaka 1980 Barragán alikuwa mtu wa pili kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani. Katika hotuba yake alisikitika kwamba majarida ya usanifu yameacha kutaja uzuri, ukimya, utulivu na mshangao. Alifariki mwaka 1988, na mwaka 2004 UNESCO iliiingiza nyumba ya Tacubaya katika orodha ya Urithi wa Dunia.