Kabla ya kupaka feni kuukuu rangi ya nganya

Geti ukishalipaka rangi, limekwisha. Feni ndiyo kwanza inaanza kazi: itatetemeka, itapata joto, itazunguka huku umeme ukipita ndani ya mwili wa chuma ambao mtu ataushika. Ndiyo maana mteja akianza na habari ya rangi, mimi huanza kwa kutafuta sehemu ambazo rangi haitafika.

Nairobi si jiji la feni, tukubaliane. Ukitoa Januari hadi Machi, wengi wetu tunatafuta sweta. Nyingi ninazopokea zimepanda kutoka Mombasa au Kisumu, kutoka nyumba za akina babu. Iliyo mezani sasa ni GEC ya Uingereza, kitako cha chuma cha kalibu, kichwa kinachogeuka huku na huku. Mwenyewe ni kijana wa Umoja na ameniambia, "Fundi, nataka iwake kama nganya," yaani kama matatu iliyorembwa. Zambarau iliyokolea, miale ya rangi ya machungwa, na jina la nyanya yake kwa mkono wa mchoraji wa matatu. Mimi sina neno. Michoro ya matatu ilibanwa na sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, mwaka 2004, ikarudi baadaye kwa kishindo, na mafundi wake wana mkono ambao huupati kwa kopo la spreyi la dukani.

Lakini umeme kwanza. Waya za feni za enzi hizo zimevikwa mpira na kitambaa. Mpira huo hukauka, na ukiukunja unamomonyoka kiganjani. Kwa hiyo usiichomeke ukutani "kuona tu kama inazunguka". Mimi huunganisha feni mfululizo na balbu ya zamani ya nyuzi, wati 100. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote na feni imetulia, kuna shoti. Ikififia na mapanga yakaanza kujivuta, mota ina uhai. Baada ya hapo ni mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, volti 500, kati ya koili na mwili. Chini ya megaomu 1 siendelei: koili inakaushwa kwa joto la polepole, na ikikataa inakwenda kwa wanaosuka mota upya.

Waya mpya ya shingoni lazima iwe ya nyuzi nyingi nyembamba, maana kila kichwa kikigeuka inakunjwa. Na feni hizi nyingi zilikuja na waya mbili tu. Ninaongeza ya tatu, ya arthi, inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Kwenye plagi ninatoa fyuzi ya ampia 13 na kuweka ya 3. Feni ya wati 60 kwa volti zetu 240 hula takriban robo ya ampia. Fyuzi kubwa itakaa kimya huku waya mwembamba ukiungua.

Hapo ndipo rangi inapoingia kwenye hesabu ya umeme, kwa sababu rangi haipitishi umeme. Skrubu ya arthi ikifungwa juu ya rangi safi, una waya wa kijani na njano ambao kazi yake ni pambo. Chini ya skrubu hiyo nakwangua hadi chuma king'ae na naweka washa yenye meno. Kisha kuna kiungo cha shingo: kikipakwa pande zote mbili, kitako kitakuwa na arthi na kichwa hakina. Feni ikishaungwa napima kwa mita kutoka pini ya arthi ya plagi hadi kichwani, kisha hadi kwenye kizimba cha mapanga. Ikizidi omu 1, nakwangua tena. Mchoraji atanuna, lakini atazoea.

Neno kwa wenye feni za Marekani, za Emerson na kadhalika, zinazoletwa na jamaa. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi masafa ya umeme, idadi ya mizunguko yake kwa sekunde. Huko ni hezi 60, hapa ni 50. Mota ya ncha nne za sumaku ambayo uga wake wa sumaku huzunguka mara 1800 kwa dakika kule, hapa ni 1500, na kwa volti zile zile itavuta mkondo mkubwa na kupata moto zaidi. Ya volti 120 napenda kuilisha karibu na 100.

Sasa kuondoa rangi ya zamani. Weka sumaku kwanza. Ikinata ni chuma, na kostiki soda haitakidhuru. Isiponata, huenda ni aluminiamu au zinki, na soda hiyo hiyo itaitafuna. Na usipige msasa mkavu: rangi za miaka hiyo mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia msasa wa maji, kusanya matope yake, usiyamwage uani.

Mtaani watu hupenda duko kwa sababu hukauka haraka. Ni nzuri, ila ina masharti. Ukiipulizia juu ya rangi ya mafuta, thina yake huinyanyua ile ya chini na kila kitu kinakunjamana. Na katika unyevu wa Aprili au baridi ya Julai hupauka, ikafanya ukungu mweupe. Kwa kazi ya michoro napendelea rangi ya magari yenye haidena (dawa ya kuikaza), ile wanayochanganya Kirinyaga Road: praima, rangi, mchoro, kisha klia isiyo na rangi juu. Mvuke wa haidena ni hatari kwa mapafu, na kitambaa puani si kinga. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha mvuke. Matundu ya kupoza mota nayaziba kwa tepu kabla ya kupuliza, pamoja na kibati cha volti na wati. Anayepaka kibati hicho amemfichia fundi ajaye habari yote anayoihitaji.

Mapanga ndiyo tuliyobishania. Haya ni ya shaba ya njano, na kwa maoni yangu kuyapaka zambarau ni dhambi. Yang'arishwe, yapate klia nyembamba, basi. Akishikilia, nitapaka, kisha nitayalaza kwenye pini iliyonyooka juu ya kingo mbili sawa. Panga likishuka chini kila mara ndilo zito, na linapunguzwa rangi kwa mgongoni. Nikilipuuza, mtetemo utakula bushi, zile pete ambamo mhimili wa mota huzunguka.

Bushi zenyewe hutaka oili nyepesi ya mashine kwenye utambi wa sufu. Mafuta ya kupikia huganda, na dawa za kulegeza kutu hukauka upesi.

Mwisho naiwasha kwa spidi ya juu na kuiacha mchana kutwa. Harufu ya rangi mpya ikipata joto naivumilia. Harufu ya vanishi ya koili inayoungua, hapana: hapo feni inafunguliwa tena, hata kama mwenyewe ameshafika kuichukua.