BSSID: namba inayoonyesha kompyuta imeshika kituo kipi cha Wi-Fi

Chukua nyumba ya ghorofa: ruta iko sebuleni chini, ripita ya kuongeza mawimbi iko juu karibu na ngazi. Zote mbili zinatangaza jina moja la mtandao. Unafungua laptopu chumbani juu, jina ni lile lile, lakini video inakwamakwama. Laptopu imeshika ripita iliyo hapo nje ya mlango, au bado imeng'ang'ania ruta ya chini kupitia sakafu ya zege na nondo? Jina la mtandao halisemi. Kinachosema ni BSSID.

Jina unalolichagua kwenye orodha huitwa SSID. Ni maandishi tu, yasiyozidi baiti 32, na vituo vingi vinaweza kulitumia kwa pamoja. BSSID ni anwani ya redio yenyewe, yaani sehemu ya kifaa inayorusha na kupokea mawimbi, herufi na tarakimu 12 zilizopangwa jozi sita, mfano a4:5e:10:17:3c:58. Ruta yenye bendi mbili huwa na BSSID moja ya GHz 2.4 na nyingine ya GHz 5, kwa hiyo usishangae ukikuta anwani nne katika nyumba yenye vifaa viwili.

Kuisoma ni rahisi. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika netsh wlan show interfaces, kisha tafuta mstari wenye neno BSSID. Hapo hapo utaona chaneli na nguvu ya mawimbi. Windows 11 za karibuni hudai kwanza ruhusa ya kujua mahali ulipo, na ipo sababu: zipo hifadhidata kubwa zinazojua BSSID fulani iko wapi duniani. Kwenye Mac, bonyeza alama ya Wi-Fi huku umeshikilia kitufe cha Option. Kwenye Linux, andika iw dev wlan0 link, ukibadilisha wlan0 kama kadi yako ina jina jingine.

Sasa, anwani hiyo ni ya kifaa kipi? Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu stika iliyo chini ya ruta mara nyingi haifanani kabisa na kinachoonekana kwenye skrini. Redio ya pili huweza kupishana na stika kwa tarakimu ya mwisho, au jozi ya kwanza ikageuka, a4 ikawa a6. Mimi nisingeitegemea stika. Zima ripita, soma BSSID: hiyo lazima ni ya ruta. Kisha washa ripita, isogelee, zima Wi-Fi ya laptopu na kuiwasha tena, usome upya. Andika zote kwenye karatasi na uibandike karibu na ruta, maana utazihitaji tena.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba anayechagua kituo ni kompyuta, wala si ruta. Teknolojia za 802.11k na 802.11v huiwezesha ruta kupendekeza, lakini neno la mwisho ni la kompyuta, na kompyuta nyingi hazipendi kuhama. Mac, kwa mfano, hubaki ilipo mpaka mawimbi yashuke chini ya dBm -75 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) ndipo ianze kutafuta kwingine. Namba hizi ni hasi, hivyo -50 ni nzuri kuliko -75. Ndiyo maana unaweza kupanda ghorofani na laptopu mkononi na bado ikabaki imeshika ruta ya chini.

Ukishajua BSSID, unajua pa kuanzia. Ikiwa ni ya ruta ya mbali na mawimbi ni hafifu, zima na kuwasha Wi-Fi ya kompyuta, au ipe ripita jina lake la mtandao ili uchague mwenyewe. Lakini ikiwa ni ya ripita, mawimbi yamejaa na bado kasi ni ndogo, kompyuta haina kosa. Tatizo huenda liko kati ya ripita na ruta. Ripita yenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ile ile, hivyo kasi hupungua karibu nusu hata mambo yakiwa shwari. Isogeze karibu na ruta, au ikiwa ina tundu la kebo na inakubali kutumika kama kituo cha kebo (access point), vuta kebo kutoka kwenye ruta.