Kwa nini kuzima kitufe cha kulia hakuzuii picha kunakiliwa?

Je, wajua kwamba picha ikishaonekana kwenye skrini ya mteja, nakala yake tayari imo ndani ya kifaa chake? Wapiga picha wengi huweka picha za kuchagulia, yaani zile ambazo mteja hutazama ili achague za kununua, kwenye tovuti, huzima kitufe cha kulia cha kipanya, kisha hushangaa kukuta kazi ambayo haijalipiwa imegeuzwa picha ya wasifu ya mtu. Hakuna aliyevunja kitu. Tovuti yenyewe ndiyo iliyoitoa picha hiyo.

Wengi huiona tovuti kama dirisha la kioo la duka: mteja anasimama nje akitazama, bidhaa inabaki ndani, na kazi ya mwenye duka ni kuhakikisha kioo hakifunguki. Kwenye intaneti kioo hicho hakipo. Kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kinaiomba seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) faili ya picha, seva inaituma nzima nzima, kivinjari kinaihifadhi kwenye kumbukumbu, na mara nyingi kwenye diski pia ili ukurasa ufunguke haraka siku nyingine. Ndipo kinapoichora kwenye skrini. Anayeitazama picha ameshaipokea.

Basi kuzima kitufe cha kulia ni nini? Ni mistari michache ya JavaScript, lugha ya programu za kurasa za tovuti, inayokiomba kivinjari kisifungue menyu. Ni ombi tu, na kivinjari ni cha mteja: akizima JavaScript, menyu inarudi. Wengine hufunika picha kwa picha nyingine isiyoonekana, ili anayehifadhi apate ile tupu. Wengine huikata vipande na kuviunganisha kwenye ukurasa. Mbinu hizi humchelewesha asiyejua kompyuta, na hilo lina faida yake, lakini faili halisi bado zimeorodheshwa kwenye zana za wasanidi (watengenezaji wa tovuti) zilizomo ndani ya vivinjari vikuu vya kompyuta. Na hata zisingekuwepo, mteja anaweza kupiga picha ya skrini. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa simu au kompyuta, na ukurasa wa kawaida wa tovuti hauna mamlaka juu yake. Ni kweli kwamba programu za simu za Android zinaweza kukataza picha ya skrini ndani yake. Hapo mtu atachukua simu ya pili na kuipiga picha ile ya kwanza.

Kabla ya kamera za kidijitali, studio za picha zilikuwa na njia ninayoipenda kuliko zote. Picha za kuchagulia zilichapwa kwenye karatasi yenye chumvi za fedha ambayo hujitia rangi kwa mwanga peke yake, bila dawa ya kuifanya picha itokeze. Kwa kawaida picha ya namna hiyo huoshwa kwa dawa inayoondoa chumvi zilizobaki, ili idumu. Studio iliacha kuiosha kwa makusudi. Mteja alipewa picha za rangi nyekundu ya kahawia, akazitazama na kuchagua, na kila zilipokutana na mwanga zilizidi kuwa nyeusi. Aliyetaka kuitundika ukutani alilazimika kuagiza nakala halisi. Ulinzi ulikuwa ndani ya kile kitu alichokabidhiwa mteja, na hapo ndipo unapopaswa kuwa hata leo.

Kwa faili, cha kwanza ni idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukimtumia mteja nakala ya 900 kwa 600, amepokea pikseli 540,000, yaani kama asilimia 2 ya zile za awali. Uchapaji mzuri huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, hivyo nakala hiyo inatosha inchi 3 kwa 2. Ukiikuza hadi ukubwa wa fremu ya ukutani, kope na nyuzi za nguo huwa ukungu. Programu za akili unde zinaweza kuikuza ikaonekana kali, ila maelezo zinayoongeza ni ya kubuni, na kwenye uso unaoonekana mdogo ndani ya picha ya kundi ubunifu huo huweza kuleta mtu mwingine kabisa. Tatizo ni kwamba pikseli 900 zinatosha kabisa kwenye mitandao ya kijamii. Udogo unalinda uchapaji tu.

Ndipo inapoingia alama ya maji, yaani jina au nembo hafifu juu ya picha. Ikiwekwa pembeni hukatwa kwa sekunde chache, kwa hiyo ipite juu ya mhusika. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha udhaifu wake mkubwa. Alama ileile ikirudiwa kwenye picha nyingi, kompyuta huzilinganisha zote. Nyuso, nguo na mandhari hubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na kinachobaki vilevile ni alama peke yake. Ikishaijua alama, kompyuta huiondoa na kurudisha kilichokuwa chini yake. Kuihamisha alama huku na huku hakukusaidia sana. Kilichosaidia ni kuipinda kidogo, kwa namna tofauti kwenye kila picha: ilipoondolewa iliacha makovu yanayoonekana. Hata hivyo, zana za kufuta vitu kwenye picha zimeendelea mno tangu hapo, na alama iliyo juu ya anga au ukuta mtupu hufutika kwa urahisi.

Jina la mpiga picha linaweza pia kuandikwa ndani ya faili, kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha bila kuonekana juu yake. Liandike, lakini usilitegemee, kwa sababu mitandao mingi ya kijamii huiondoa metadata picha inapopakiwa, na picha ya skrini haiibebi kamwe. Ushahidi ulio imara zaidi ni faili ghafi ya kamera, yaani ile ya awali kabla ya kuhaririwa, yenye pikseli zote, pamoja na picha zilizopigwa kabla na baada yake. Hiyo usimpe mtu wakati picha bado zinachaguliwa. Mwenye nakala ya pikseli 900 akidai kazi ni yake, hatakuwa na cha kuweka mezani kando ya faili hiyo.