Maana ya jedwali shirikishi katika programu ya wavuti

Jedwali shirikishi ni jedwali la data ambalo msomaji wake anaweza kulipanga upya, kulichuja na kutafuta neno ndani yake, wakati yumo katika ukurasa ule ule. Tuchukue mfano wa daftari la mapokezi ya karafuu kisiwani Pemba, lenye safu za tarehe, wilaya, daraja na uzito kwa kilo. Karani akibofya kichwa cha safu ya uzito, mistari hujipanga kuanzia mzigo mdogo hadi mkubwa. Akichagua wilaya ya Micheweni, mistari ya Wete, Chake Chake na Mkoani hufichwa. Kufichwa si kufutwa, kwani kumbukumbu zilizomo katika hifadhidata, yaani ghala la data lenyewe, hazikuguswa.

Jambo linalowatatiza wengi ni mahali kazi hiyo inapofanyika. Ikiwa mistari ni mia chache, kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za wavuti, hupokea yote kwa pamoja na kuipanga chenyewe kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani yake, hata mtandao ukikatika baadaye. Lakini mistari 20,000 yenye safu 8 ni visanduku 160,000, na simu ya kawaida ikitakiwa kuvichora vyote italemewa. Hapo ni bora seva, yaani kompyuta inayotuma data kwa kivinjari, itume ukurasa mmoja tu, tuseme wa mistari 50, na kila mbofyo uwe ni ombi jipya kwa hifadhidata. Kosa baya, kwa maoni yangu, ni kuzichanganya njia hizi mbili: seva imeleta mistari 50, lakini utafutaji unafanyika ndani ya hiyo 50 tu, kwa hivyo karani huambiwa kwamba Micheweni haina mzigo wowote, kumbe umo katika ukurasa wa saba.

Aina ya data nayo ina hukumu yake. Uzito uliohifadhiwa kama maandishi hupangwa kwa tarakimu ya mwanzo, hivyo 120 hutangulia 45, na 9 hukaa mwisho kana kwamba ndiyo kubwa kuliko zote. Majina nayo (na sisi wenyewe hatuandiki kwa namna moja) huleta taabu kama hiyo: kichujio cha "Chake Chake" hakitaiona "Chakechake", ila wilaya ikiwa inachaguliwa katika orodha badala ya kuandikwa kwa mkono.