Kwenye rafu usiniulize rangi, niulize mwendo

Kuna meseji naipata karibu kila nikituma rafu ya kwanza ya katuni. "Kaka, mbona jamaa ni wa kijivu mwili mzima na nywele zake kama kofia ya plastiki, ndo itatoka hivi?" Na simlaumu anayeuliza, maana mara nyingi hakuna aliyemwambia anaangalia nini. Kwa hiyo leo naeleza tofauti ya rafu na fainali kwa mapana kidogo, sio kwa wateja tu, hata kwa nyie mnaoanza kuanimeti, kwa sababu nyie mnaumizwa na hiki kitu kuliko mteja.

Rafu ni video ambayo programu inaipiga picha haraka haraka kutoka kwenye dirisha lile lile tunalofanyia kazi. Watumiaji wa Maya, programu ya kuanimeti, wanaiita pleiblasti. Haipigi hesabu ya mwanga unavyodunda ukutani na kurudi usoni, nywele zinaonyeshwa chache tu, vivuli mara nyingi vimezimwa kabisa, na ndo maana fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, inatoka kwa sekunde au chini ya hapo. Fainali ndo hesabu yote inafanyika, na kuitoa hivyo ndo tunaita kurenda. Chukua katuni ya dakika moja, fremu 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 1440, na kama kila fremu inakula dakika 8 basi kompyuta moja inahitaji masaa 192, yaani siku 8 mchana na usiku bila kuzimwa. Sasa fikiria mtu anakwambia siku ya 9, "naomba huyu mtoto ageuke upande wa kushoto".

Ndo maana nasema mambo ya mwendo yaishie kwenye rafu: nani anageuka wakati gani, anasita kwa muda gani kabla hajajibu, kamera inasogea au imetulia, mguu unateleza au umekanyaga. Rafu inayajua hayo yote vizuri kabisa hata ikiwa na rangi ya udongo. Rangi ya ngozi, kitambaa kinavyong'aa, jua la jioni, hayo haiyajui, ukiiuliza itakupa jibu la uongo na wewe utalifanyia kazi.

Lakini kuna uongo wa rafu ambao hauonekani, na mimi ndo unaniuma zaidi, nao ni spidi. Ukibonyeza kucheza ndani ya programu na shoti yako, yaani kipande kimoja cha video, ni nzito, kompyuta haiwezi kukimbiza fremu 24, inaweza ikawa inatoa 15 tu na wewe hujui maana jicho linazoea. Mhusika wako ananyanyuka kwenye kiti kwa fremu 48, inatakiwa iwe sekunde 2 kamili, ila wewe unaona sekunde 3 na ushee. Unasema huyu mzito bana, unakata mpaka fremu 30, sasa unaona sekunde 2 safi, umeridhika unaenda kulala. Ikirendiwa inacheza kwa spidi yake halali, sekunde 1 na robo, na yule mzee uliyetaka aonekane amechoka ananyanyuka kama amechomwa sindano. Nimeshawahi kufanya hivyo kwenye shoti nzima ya mazungumzo, wahusika wote wakawa na haraka isiyo na sababu. Tangu hapo sihukumu mwendo ndani ya dirisha la programu hata siku moja, naitoa rafu kama faili la video, naichezea nje, ndo naamua.

Na kuna kinyume chake. Mkono unaopita kwa kasi, kwenye rafu unauona unaruka ruka, hapa halafu pale, kwa sababu kila fremu ni kali haina ukungu wa mwendo, ule mfifio wa kitu kinachopita kwa kasi. Wengi wanakimbilia kuongeza fremu katikati ili ulainike na ile nguvu ya pigo inapotea. Kama umeshapanga kuweka huo ukungu kwenye fainali, renda fremu chache za pale mkono unapopita uone kwanza, mara nyingi ukungu wenyewe unaunganisha.

Kuhusu mwonekano, huwezi kusubiri siku 8 ndo ujue taa ni mbaya. Nachagua fremu tatu nne kwenye kila shoti, ile ngumu kuliko zote lazima iwepo, narenda kwa ubora kamili, hizo ndo namtumia mteja tuongelee rangi. Nikitaka kuangalia haraka mwenyewe napunguza saizi iwe nusu, 960 kwa 540 badala ya 1920 kwa 1080, hapo pikseli zinabaki robo na muda unashuka karibu hivyo hivyo. Sampuli, yaani idadi ya miale ya mwanga inayopimwa kwa kila pikseli, nazo nazishusha, picha inajaa chengachenga lakini mwanga unaeleweka. Kumbuka tu kwamba kupunguza chenga kwa nusu kunataka sampuli mara nne, kwa hiyo kutoka 128 unaenda 512, sio 256.

Na fremu moja ikiwa safi usifurahi mapema! Ile programu ya kufuta chenga inasafisha kila fremu kivyake, ukiangalia picha moja moja zote nzuri, zikicheza ukuta unatambaa kama una wadudu. Kwa hiyo lazima nirende sekunde nzima, fremu 24 zilizofuatana, za sehemu yenye kiza. Moshi nao uangalie, ukiusimuleti kwa rezolusheni ndogo halafu ukaipandisha kwa ajili ya fainali haubaki ule ule, unajikunja kivingine, na kama mteja aliupenda ule wa kwanza una kazi.

Sasa kwenye kila rafu naandika kwenye kona jina la shoti, toleo la ngapi, na namba ya fremu inayokimbia, halafu juu kabisa kwa herufi kubwa RAFU: ANGALIA MWENDO TU. Yale maneno yamepunguza meseji za kijivu kwa kiasi kikubwa, na maoni yanakuja ya maana, mtu anakwambia fremu ya 112 kichwa kimechelewa.

Fainali yenyewe siitoi kama video, naitoa picha moja moja, PNG au EXR, ndo naziunganisha mwishoni. Umeme ukikata kwenye fremu ya 1300, zile zilizotangulia zipo salama kwenye folda. Kazi yangu iliyopita kulikuwa na bibi anaweka kiganja mezani, kwenye rafu kiganja kimegusa meza vizuri, kwenye fainali kikawa kinaelea na mwanga unapenya chini ya vidole, kwa sababu ulainishaji wa umbo nilikuwa nimeuzima kwenye rafu na ukiwashwa umbo linanywea kidogo. Nikashusha kiganja, nikarudia fremu 41 zile tu, masaa matano na nusu, asubuhi mkono ulikuwa umekaa mezani na kivuli chake.