Imezima au imewaka? Dhana potofu za kutesti haibridi mara ya kwanza kwenye milima yetu ya Mbeya

"Shem, hii gari haijawaka." Hilo ndo neno la kwanza alilosema shemeji yangu, na yeye sio mtu wa kubahatisha, anaendesha semi Dar-Tunduma miaka mingi na Kitonga anaijua kona kwa kona. Mi nilikuwa nimekanyaga breki nikabonyeza kitufe, dashibodi ikawaka rangi rangi ila injini kimya kabisa, nikabonyeza tena, kumbe hapo ndo nimeizima. Mzee mwenye gari akainama dirishani akasema mwalimu, ilikuwa imeshawaka, angalia neno READY la kijani, ukiliona hilo weka D uende zako.

Ilikuwa Toyota Aqua ya haibridi, yaani gari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, naitesti nione kama niinunue, na nilikuwa nimeshasikia maneno mengi kuhusu haibridi, ofisini kwa walimu, kijiweni Mwanjelwa, kwa mafundi. Mengi sio kweli kabisa na mengine ni nusu kweli, na hizo nusu kweli ndo zinaumiza zaidi maana mtu anaacha gari nzima ananunua mbovu. Shida naiona ni moja, tunaitesti haibridi kwa masikio ya gari ya kawaida. Kimya tunaita ufu, mngurumo tunaita ubovu, wakati kwenye hizi gari alama za uzima na ugonjwa ziko sehemu nyingine.

Tuanze na hilo la kimya. READY ikiwaka gari iko tayari kuondoka hata kama husikii kitu, mota ya umeme ndo inaisukuma mwanzoni na injini inaingia yenyewe ikihitajika. Kwahiyo sio imekufa. Ila kimya hicho kina hatari yake na hiyo hakuna aliyeniambia, nilijifunza pale Mwanjelwa sokoni, tunatambaa kwenye foleni kwa umeme mtupu, mama mmoja ana beseni la parachichi kichwani akakatiza mbele yetu bila hata kugeuka, hakusikia chochote, nilisimama beseni likiwa karibu niliguse na boneti. Watu wetu wanavuka barabara kwa masikio. Modeli nyingi za karibuni zinatoa mlio fulani zikiwa mwendo mdogo lakini za zamani nyingi hazina, so dereva ndo awe na macho ya ziada. Na ukishuka nyumbani hakikisha umezima kweli, maana mtu anaona kimya anaiacha READY inawaka watoto wanacheza ndani.

Eti lazima uichomeke kwenye umeme. Hapana. Haibridi ya kawaida kama Aqua au Prius haina hata pa kuchomeka, inajichaji yenyewe kwa injini na kwa breki, ukiachia mafuta au ukikanyaga breki mota inageuka kuwa jenereta na ule mwendo unarudi kwenye betri. Zipo zinazochomekwa, hizo utaona mlango wa pili wa kuchajia kwenye bodi, ni aina nyingine. Na haibridi zenyewe hazifanani, kuna Nissan Note e-POWER ya kuanzia 2016 ambayo injini kazi yake ni kuzalisha umeme tu matairi yanazungushwa na mota, na kuna zile ambazo mota inasaidia kidogo tu haiwezi kuendesha gari peke yake. Muulize muuzaji ni ipi, usikubali neno haibridi peke yake.

Sasa hili la milima, maana huku ndo kwetu na ndo lililonipeleka mpaka Isyonje. Kila mtu ananiambia dada hizo gari za Dar, tambarare, huku hazipandi. Mi nikamwomba mzee tusiishie kuzunguka mtaani, mafuta naweka mimi, tutoke mjini tupite Uyole, Igawilo, tupandishe njia ya Tukuyu mpaka Isyonje halafu turudi, akakubali. Na ukweli niliouona uko hivi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Isyonje ni zaidi ya 2,000, huko hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, inapoteza nguvu kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, yaani hapa mjini tu gari yoyote ya aina hiyo imeshapungukiwa kama asilimia 17 ukilinganisha na ikiwa Dar. Mota ya umeme haivuti hewa, nguvu yake ni ileile Kigamboni na ileile Isyonje. Kwahiyo kuondoka kwenye mlima, ile ya kusimama nyuma ya lori la viazi halafu uondoke tena, haibridi inaondoka vizuri kuliko Corolla yangu ya zamani, shemeji mwenyewe alinyamaza.

Ila nusu ya kweli ipo. Injini ya Aqua ni lita 1.5 yenye nguvu farasi 74, ukijumlisha na mota mfumo mzima ndo unafika 100. Kwenye mlima mrefu usioisha betri inashuka taratibu, ikifika chini kompyuta inailinda, sasa injini inabeba gari karibu peke yake na huku inalazimika kuichaji, hapo inalia sana. Mlio ule unatisha mtu, unakanyaga mafuta injini inapiga kelele moja ndefu na spidi inapanda polepole, shemeji akasema giaboksi inateleza hii. Haitelezi. Haibridi za Toyota za aina hii hazina giaboksi ya kawaida, hazina klachi wala mkanda wa giaboksi ya CVT, kuna seti ya gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati, inayounganisha injini na mota mbili, na kompyuta inachagua injini izunguke kwa kasi inayofaa sio inayolingana na mwendo wako. So mlio na spidi kuachana ni kawaida yake. Kama unabeba magunia ya viazi kila siku toka Isyonje, nunua gari ya kubeba mizigo, Aqua haikutengenezwa kwa hiyo kazi, lakini mtu na familia yake kwenda Tukuyu na kurudi inafika bila wasiwasi.

Halafu kuna ile B kwenye gia. Yaani hii B imepotosha watu wengi sana, wanadhani ni B ya betri, eti ukiiweka gari inachaji zaidi kwahiyo wanaendesha na B mjini kutwa nzima. B ni ya breki. Inaifanya injini isaidie kushikilia gari kwenye mteremko, kama mwenye manyuo anavyorudi gia ya pili. Ukiendesha nayo tambarare unapoteza tu, maana ile nguvu ambayo ingeingia kwenye betri sehemu inaliwa na kuzungusha injini bure. Mahali pake ni mteremko mrefu, Kitonga ukitoka Iringa kushuka, au huku kushuka toka Isyonje, kwa sababu betri ikijaa mota haina pa kupeleka umeme na ile breki ya umeme inapungua, mzigo wote unarudi kwenye pedi na diski. Utasikia injini inanguruma na wewe hujakanyaga mafuta, usishtuke, inafanya kazi ya breki. Shemeji hili alilielewa kabla hata sijamaliza kueleza, mtu wa semi anajua breki zikichemka Kitonga ni nini.

Breki zenyewe mguuni ni tofauti, inashika mapema kidogo halafu karibu na kusimama unahisi kama inabadilisha mkono, ni kuhama toka breki ya umeme kwenda breki ya kawaida. Na ukifungua mlango wa dereva unasikia kitu kinavuma sekunde chache nyuma ya dashibodi, ni pampu ya breki inajiandaa. Ila ikivuma mara kwa mara bila sababu mpeleke fundi aangalie.

Kuhusu kula mafuta, watu wanasoma kwamba Aqua ilipotoka Desemba 2011 vipimo vya Japani vilisema kilomita 35.4 kwa lita, wakiendesha wiki ya kwanza wakaona 20 wanasema wametapeliwa. Kile ni kipimo cha maabara. Tena dhana nyingine ni kwamba haibridi inaokoa sana safari ndefu, hapana, faida yake kubwa iko kwenye foleni na simama-twende, Kabwe, Mwanjelwa, Soweto, kule ambako gari ya kawaida inachoma mafuta imesimama. Highwei ya spidi moja mpaka Makambako tofauti inapungua. Siku ile kupanda skrini ilisoma kilomita 11 kwa lita, kurudi mteremko ikapanda mpaka zaidi ya 30, ukitaka ukweli chukua wastani wa kwenda na kurudi, usidanganywe na nusu moja.

Na baridi yetu. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba ukiwasha injini inaingia saa hiyohiyo na inazunguka muda hata kama betri imejaa, watu wanasema ona, haibridi gani hii haizimi. Inapasha joto injini na masega ya egzosi yanayosafisha moshi, na ukiwasha hita ndo kabisa, joto la hita linatoka kwenye injini. Kwahiyo ukienda kutesti mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, iwe ya baridi. Uione inavyoamka.

Eti ikinyesha mvua utapigwa shoti. Waya za umeme mkubwa ni za rangi ya chungwa, hazijaunganishwa na bodi, na ukizima gari au ikigonga kuna swichi zinakata umeme kwenye betri. Unaosha, unapita kwenye mvua ya Tukuyu, hakuna shida, ila mafuriko ya kufunika siti hayafai gari yoyote. Anayetakiwa kuogopa ni fundi asiyejua, anatakiwa achomoe plagi ya usalama avae glavu maalumu na asubiri kama dakika 10 kabla ya kugusa inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota, kama fundi wako halijui hilo mtafute mwingine, hilo nasema kwa upendo kabisa.

Sasa betri kubwa, na hapa ndo ningeomba usome polepole. Wanasema ikifika miaka mitano inakufa na bei yake ni sawa na gari. Sio hivyo, nyingi zinavuka miaka 10, na baridi yetu inazisaidia kwa sababu adui yake mkubwa ni joto. Betri inapoozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kuna tundu pembeni ya siti ya nyuma lenye kava ya vijitundu, mtu akiweka mabegi na makoti pale au likiziba vumbi betri inachemka. Nilipiga magoti siti ya nyuma nikabandua ile kava, nikaingiza vidole nikatoa vumbi jekundu limeshonana na nyuzi nyuzi kama sufi ya mto, unene wa kidole changu. Mzee alisema hakuwahi kujua kama kuna tundu hapo. Mi nilianza kuwa na wasiwasi toka pale.

Wakati tunashuka Isyonje nikakaa naangalia vile vistari vya betri kwenye skrini, viko nane. Vikajaa haraka sana, tukafika Igawilo pametulia nikakanyaga mafuta kidogo tu, vikaanguka toka nane mpaka vitatu, hata kilomita mbili hatujamaliza. Betri nzima inapanda na kushuka taratibu, ikiruka hivyo maana yake kuna moduli, yaani vipande vinavyounda betri, zimechoka. Tukaomba ipimwe na mashine, ikatoa P0A80, kodi (namba ya tatizo inayotunzwa na kompyuta ya gari) ya kusema betri ya haibridi ibadilishwe. Haikuwa imewasha taa yoyote kwenye dashibodi, kodi ikifutwa taa inazima na inachukua muda kurudi, sisemi mzee alifanya hivyo, inawezekana na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Fundi mmoja akasema atabadilisha moduli moja iliyokufa, ziko 20 kwenye Aqua, kwa bei ndogo, lakini zile 19 zina umri uleule, utarudi kwake tena baada ya muda. Tuliagana na mzee vizuri tu, nikaiacha.

Ofisini wakasema si tulikwambia haibridi mbovu. Ile ilikuwa gari moja yenye betri iliyochoka, ningeizungusha Soweto dakika tano ningeinunua, mlima ndo umeisema. Wiki mbili baadaye nikatesti nyingine njia ileile, Uyole, Igawilo, Isyonje, vistari vikashuka kimoja kimoja na kupanda kimoja kimoja, tundu la hewa safi, kodi hakuna. Ndo niliyonayo.

Na asubuhi moja ya mwezi wa saba ikagoma, taa zinafifia, READY haiji. Fundi wa jirani akaja akasema betri kubwa imekufa mwalimu, andaa milioni. Nikamwambia pima kwanza ile ndogo ya volti 12, maana hizi gari hazina stata ya kawaida wala alternata, lakini ile ndogo ndo inaamsha kompyuta, ikilala hata kubwa iwe imejaa gari haiendi popote. Ilikuwa na volti 9 na kidogo. Tukabadilisha ile ndogo, nikakanyaga breki nikabonyeza, kimya, READY ya kijani, nikawahi kipindi cha kwanza.