Riba ya Medici ilikaa ndani ya hawala

Juzi tena, kwenye mafunzo ya wafanyakazi wapya, mtoa mada kasema benki ya Medici, ya ule ukoo wa Florence, Italia, haikula riba, iliishi kwa kamisheni tu. Nimekaa dawati la fedha za kigeni miaka 12, na kauli hii inanichoma kila nikiisikia, kwa sababu inafuta kazi yote ya akili iliyofanywa pale Florence.

Giovanni di Bicci alianzisha benki mwaka 1397, mwanawe Cosimo akaitandaza hadi Bruges na London, ikafa 1494. Hayo mtayasoma popote. Kanisa lilikataza riba, kwa hiyo mimi nataka muitazame hati ya hawala, yaani karatasi ya kuagiza fedha ilipwe mji mwingine, kwa sarafu ya huko.

Tuseme mfanyabiashara wa Venice anahitaji dukati 1,000, sarafu za dhahabu za huko. Benki inampa leo. Yeye anaandika hati kwamba wakala wake wa London atalipa baada ya miezi 3, peni 47 kwa kila dukati. Zikilipwa zile peni 47,000, tawi la London linanunua nazo hawala ya kurudi Venice. Ila kule London dukati inakwenda kwa peni 44. Miezi 3 mingine, Venice zinaingia dukati 1,068. Neno riba halikuandikwa popote, wala asilimia. Faida imelala kati ya 47 na 44, na pengo hilo halikuwa la bahati: soko lenyewe lilikwisha kuuhesabu muda ndani ya bei. Anayeitafuta riba kwenye safu ya kamisheni ataitafuta mpaka kesho.

Kanisa liliona. Wanateolojia waliikemea hasa hawala kavu, ile isiyo na bidhaa nyuma yake, karatasi inakwenda na kurudi tu. Wenye amana nao walipewa "zawadi" kwa hiari ya benki. Askofu Mkuu Antonino wa Florence aliihesabu kuwa riba.

Hapa ndipo mimi mwenyewe huyumba. Siku ya kutoa dukati, benki haikujua bei ya London baada ya miezi 3. Ingekuta peni 48, zingerudi dukati 979, na hasara ni yake. Je, hatari hiyo inatosha kuiita biashara? Kwa hawala yenye sufu ya Uingereza nyuma yake, nasema ndiyo bila kusita. Kwa hawala kavu nimebishana na wenzangu mpaka chai ikapoa, na moyo wangu bado haujatulia.